DNS Inayougua Kila Jumatatu

Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Nataka kuzungumzia kazi niliyoifanya mwezi Oktoba mwaka 2023 katika ofisi moja ndogo hapa Mombasa. Ilinichukua siku mbili na malipo yake yalikuwa madogo, lakini mpaka leo nikikaa na wenzangu wa fani hii naisimulia. Ni habari ya DNS. Najua wengine mkisikia neno hilo mnataka kuondoka. Ngojeni kwanza! Ndani yake kuna kijana aliyekuwa karibu kufutwa kazi kwa sababu ya betri yenye ukubwa wa sarafu, na sidhani kama ni ofisi hiyo peke yake iliyo na betri ya namna hiyo.

Kwa wasio wa fani, nieleze kwa ufupi. Tarakilishi (ndugu zetu wa Tanzania husema kompyuta, na hata sisi tukijisahau) hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Ukiandika jina la tovuti katika kivinjari chako, ni lazima jina hilo ligeuzwe kuwa namba kabla ya chochote kufunguka. Kazi hiyo ya kugeuza ndiyo DNS. Paul Mockapetris aliubuni mfumo huu mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote ya mashine za mtandao yaliandikwa katika faili moja tu, HOSTS.TXT, iliyotunzwa kule California, na kila mwenye mashine alikuwa akiinakili. Mtandao ulipokua, faili ikaelemewa, ndipo kazi ikagawanywa: mzizi juu, chini yake vikoa kama .com na .ke, chini yake tena majina yenu na yangu.

DNS ikikwama, mtandao upo lakini ni kama haupo. Nyaya ni nzima, ruta inawaka taa zake zote, na bado kila tovuti unaambiwa haipatikani. Ndiyo maana mafundi wana mzaha wao: ukishindwa kujua tatizo ni nini, sema ni DNS, na mara nyingi utakuwa umesema kweli. Kasoro ya mzaha huo ni kwamba unaishia pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Ni DNS, sawa. Lakini kwa nini?

Ofisi na jini lake

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili, si mbali na zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue. Ni ya wakala wa forodha, yaani kazi yao ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Wana wafanyakazi saba, tarakilishi sita, printa, skana moja kubwa na seva moja. Hiyo seva ni tarakilishi ya mezani iliyokwisha kustaafu, ikawekewa Debian na fundi aliyenitangulia ambaye baadaye alikwenda kutafuta maisha Uarabuni. Ilikuwa na kazi tatu: kutunza faili za ofisi, kupokea nyaraka kutoka kwa skana, na kujibu maswali ya DNS kwa programu iitwayo BIND. Majina ya ndani, kama skana.ofisi, iliyajibu yenyewe. Majina ya nje iliyatafuta kuanzia kwenye mzizi. Hakuna ubaya wowote katika mpangilio huo. Kwa kweli nilipoikagua niliona fundi yule aliipanga vizuri kuliko seva kadhaa nilizoziona katika kampuni kubwa.

Mwenye ofisi ni mama wa makamo aliyeanza biashara hiyo akiwa na meza moja na simu ya mezani. Alinipigia Jumanne. "Mwanangu, mtandao wangu una jini la Jumatatu," akasema. Kila Jumatatu asubuhi tovuti hazifunguki, barua pepe hazitoki, na hati haziwezi kuwasilishwa, maana siku hizi shughuli za forodha hufanyika mtandaoni. Ikifika saa nne hivi mambo yanatengenea, na yanakaa sawa hadi Ijumaa. Jumatatu ijayo, yale yale.

Unaweza kusema saa mbili za Jumatatu si kitu. Bandarini ni kitu. Kontena hupewa siku zake chache za kukaa bure. Zikiisha, gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa kila siku, na mwenye mzigo hatoi pesa hizo bila kuuliza ni nani aliyemchelewesha. Mteja mmoja wa miaka mingi alikwisha kuchukua faili zake akahamia kwa wakala mwingine. Yule mama alipolitaja hilo sauti yake ilibadilika.

Nilipofika ofisini, hata hivyo, niligundua kwamba sikuitwa hasa kutengeneza DNS. Niliitwa kuthibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa. Alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini: "Nataka unitazamie yule kijana anaifanya nini seva yangu."

Mashtaka matatu

Kijana mwenyewe ana diploma ya teknolojia ya habari, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Aliingia mwezi Julai kwa mkataba wa miezi sita. Mashtaka yake yalikuwa haya.

La kwanza, jini la Jumatatu lilianza mwezi ule ule alioajiriwa. Kabla yake halikuwepo.

La pili, yeye pekee ndiye aliyejua kulitoa, na dawa yake ilikuwa ya ajabu. Anachomeka simu yake kwenye seva kwa waya wa USB, anawasha intaneti ya simu, anangoja kama dakika kumi, anachomoa, na ofisi nzima inapona. Ukimuuliza kwa nini, anasema hajui. Tena kila Jumatatu huleta hesabu ya bando arudishiwe pesa zake.

La tatu, nyaraka zilizoskaniwa Jumatatu asubuhi zilikuwa zikipotea. Karani anaskani, skana inasema imetuma, lakini akifungua folda haoni kitu. Katika biashara ya ushindani, nyaraka za wateja zikipotea watu hawafikirii skana, wanafikiria mtu.

"Mwenye dawa ndiye mchawi," akamalizia yule mama. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha andikwa. Alichotaka kwangu ni ushahidi wa kuambatanisha.

Nilikwenda kukaa na kijana kwenye ngazi za jengo. Hakuwa na maneno mengi. "Kaka, mimi kwa kweli sijui kwa nini inapona. Siku ya kwanza nilitaka tu seva iwagawie watu intaneti ya simu yangu, Mama atume barua pepe ya haraka. Nikaona kila kitu kimepona. Nilipochomoa simu, kikabaki kimepona. Tangu siku hiyo nafanya hivyo hivyo." Nilimwuliza kama amewahi kumweleza mwajiri wake maneno hayo. Akasema alimweleza mara ya kwanza kabisa, na ile "sijui" ndiyo iliyomponza.

Mimi nilimwamini. Lakini kuamini si ushahidi, na yule mama hakuwa ananilipa ili niamini watu.

Tangu lini, na nini kingine?

Wanafunzi wa fani hii hunikuta na kuniuliza kifaa gani kinasaidia kutafuta hitilafu. Mimi huwaambia waanze na maswali mawili kabla ya kugusa kibodi: imeanza lini, na ni nini kingine kilichoanza wakati huo? Yule mama alikuwa amejibu yote mawili: Julai, na kijana. Tatizo ni kwamba katika swali la pili aliridhika na jibu moja.

Basi nikazunguka nikimwuliza kila mtu. Mhasibu ndiye aliyenipa jibu jingine, tena bila kujua kwamba lina uzito. Mwezi huo wa Julai mwenye jengo aliwawekea wapangaji mita za tokeni. Stima ikaanza kuonekana inakwenda kwa kasi, na yule mama akatoa amri: kila Ijumaa jioni kila kitu kizimwe, UPS izimwe, na swichi kuu iteremshwe mpaka Jumatatu. Zamani seva haikuzimwa kabisa. Siku za katikati ya wiki ililala ikiwaka, na stima ikipotea kidogo UPS iliibeba.

Kumbe Julai yalianza mambo mawili, wala si moja. Kijana aliingia, na seva ikaanza kukaa siku mbili nzima bila umeme hata tone.

Sasa jiulize: mashine iliyozimwa vizuri Ijumaa na kuwashwa Jumatatu inapoteza nini? Faili ziko kwenye diski, haziendi popote. Mipangilio iko kwenye diski pia. Kitu kimoja tu ndani ya tarakilishi kinatakiwa kiendelee kutembea wakati kila kingine kimelala, nacho ni saa. Ukiiacha imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, saa hiyo hula umeme mdogo unaopita. Ukikata umeme kabisa, inabaki kutegemea betri bapa iliyo kwenye bodi kuu.

Nilikuwa nimeanza kupata picha, lakini sikuisema. Nilimwomba mwenye ofisi jambo moja tu: Jumatatu kijana asiiguse seva. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, apandishe swichi kuu na kubonyeza kitufe, nami nitakuwa nimesimama hapo. Akakubali, ila akanionya kwamba hiyo ndiyo Jumatatu ya mwisho.

Jumatatu asubuhi

Saa moja na nusu tulikuwa ofisini. Kijana tulimwacha chini barabarani na kikombe cha kahawa, mahali ambapo yule mama angeweza kumwona dirishani. Akapandisha swichi, akawasha UPS, akabonyeza kitufe cha seva. Tukangoja. Nikafungua tovuti kwenye tarakilishi ya karani: haipatikani. Jini limefika, na mshukiwa yuko chini anakunywa kahawa.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya hatua kwa hatua. Nikaketi mbele ya seva nikaandika:

ping 8.8.8.8

Majibu yakarudi. Maana yake waya, ruta na mtoa huduma wa intaneti ni wazima. Kisha nikauliza jina la ndani:

dig skana.ofisi

Jibu likaja papo hapo. Basi BIND iko hai. Kisha nikauliza jina la nje:

dig www.debian.org

Hapo nikajibiwa SERVFAIL, yaani seva imeshindwa. Angalia vizuri, haikusema jina halipo. Ilisema nimejaribu, nimeshindwa. Nikaliuliza jina lile lile kwa seva ya nje moja kwa moja:

dig @8.8.8.8 www.debian.org

Likajibiwa vizuri. Kwa hiyo hakuna aliyeziba njia ya maswali ya DNS. Maswali yanatoka na majibu yanafika. BIND yetu inayapokea majibu kisha inayakataa. Kwa nini mtu apokee barua kisha aikatae? Labda haamini sahihi iliyo chini yake. Nikarudia swali kwa seva yetu na nyongeza ndogo:

dig +cd www.debian.org

Herufi hizo mbili zinaiambia seva: nipe jibu bila kukagua sahihi. Likaja, NOERROR, namba zote zipo. Hapo nikajua kwamba tumefika. Amri yangu ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote:

date

Seva ikajibu kwa utulivu kabisa tarehe ya zaidi ya miaka miwili nyuma. Nikaiuliza na saa ya bodi kwa hwclock, yenyewe ikasema ni Januari mwaka 2010. Nikamwita yule mama aje asome kwenye skrini. Akatazama, akatazama kalenda ya ukutani, akasema, "Hii imelewa."

Sahihi na saa

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, nami nitajitahidi nisiwachoshe. DNS ya mwanzo iliamini jibu lolote lililofika likiwa na sura inayofaa. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi ilivyo rahisi kuipachika seva jibu la uongo, ili mtu akiandika jina la benki yake apelekwe kwa mwizi. Dawa ya kudumu ni DNSSEC: kila jibu la kikoa kilichojiunga linatiwa sahihi ya kidijitali, na sahihi hizo zinashikana kama mnyororo hadi kwenye mzizi wenyewe, uliotiwa sahihi mwezi Julai mwaka 2010. BIND ya siku hizi hukagua mnyororo huo bila kuambiwa.

Sasa sahihi hizi zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na muda wenyewe ni mfupi. Sahihi za mzizi, kwa mfano, hudumu wiki mbili tatu kisha hutolewa nyingine. Lengo ni kwamba mtu asiweze kukuletea jibu la kweli la zamani akakudanganya kwamba ni la leo. Lakini ili ujue kama sahihi imeanza au imekwisha, ni lazima ujue leo ni tarehe ngapi. Seva yetu iliamini iko miaka miwili nyuma. Ikapokea sahihi ya mzizi inayosema "mimi naanza Oktoba 2023", ikaona ni sahihi ya siku ambayo haijafika, ikaitupa. Mzizi ukitupwa, kila kitu chini yake kimetupwa. Nilipofungua logi za BIND maneno yalikuwa hayo hayo, mstari baada ya mstari: muda wa sahihi haujaanza.

Utauliza, je, seva haikuwa na programu ya kurekebisha saa kupitia mtandao? Ilikuwa nayo, chrony, tena imepangwa vizuri. Ila ilipangwa kuwatafuta watoaji wa saa kwa majina, na majina hayapatikani bila DNS. DNS haikubali bila saa, na saa haiji bila DNS. Ni sawa na kufungiwa nje wakati ufunguo uko mezani ndani, unauona kupitia dirishani.

Je, mnaiona sasa dawa ya kijana? Alipochomeka simu, simu ilileta intaneti yake pamoja na seva yake ya majina, ambayo haikuwa na shida ya saa. Kwa dakika chache chrony ikaweza kulipata jina la mtoaji wa saa, ikasogeza saa kwa miaka miwili kwa mpigo mmoja, na ikaiandika tarehe hiyo kwenye saa ya bodi pia. BIND ikaanza kuzikubali sahihi. Simu ikichomolewa, saa inabaki sahihi, na inaendelea hivyo hadi Ijumaa jioni swichi kuu inapoteremshwa. Kijana alikuwa akitibu ugonjwa halisi kila wiki, kwa dawa halisi, bila kujua jina la ugonjwa.

Na zile nyaraka? Nilifungua folda ya skana, nikaipanga kwa tarehe, nikashuka mpaka chini kabisa. Zote zilikuwapo! Nyaraka za kila Jumatatu tangu Julai, zimepangana kama shanga kwenye uzi, kila moja ikidai imezaliwa siku ile ile moja ya miaka miwili iliyopita. Karani alikuwa amezoea kutazama juu, panapokaa faili mpya. Hakuna aliyewahi kumwonyesha sababu ya kutazama chini.

Jambo moja lilinifurahisha, la kifundi zaidi. Kwa nini mashine isionyeshe 2010, au hata 1970 kama ilivyokuwa kwa mashine za zamani, jambo ambalo mtu yeyote angelishangaa? Kwa sababu systemd, programu inayoiamsha Linux siku hizi, hukataa kuamini saa iliyo nyuma ya siku yenyewe ilipotengenezwa. Huisogeza mbele hadi siku hiyo. Ni ulinzi mzuri, lakini hapa uliligeuza kosa kubwa la kuchekesha likawa kosa dogo la kujificha. Na kwa kuwa hutumia siku ile ile kila mara, ndiyo maana Jumatatu zote zilikuwa na tarehe moja.

Ushahidi na dawa

Maelezo ni mazuri, lakini mtu anayekaribia kupoteza kazi anastahili zaidi ya maelezo. Nilimwonyesha yule mama mambo mawili. Kwanza logi: kila Jumatatu makosa ya sahihi yalianza sekunde chache baada ya seva kuamka, na simu ikachomekwa muda mrefu baadaye. Dawa haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa ulioitangulia. Pili, tulizima seva, nikafungua kifuniko, nikaitoa betri na kuipima. Betri hii, CR2032, ikiwa nzima hutoa volti 3. Hii haikufika hata 1. Nikamtuma karani duka la jirani akaleta mpya, ambayo bei yake haifiki sahani ya biriani. Nikaiweka, nikarekebisha tarehe, kisha nikamwomba mwenye ofisi azime kila kitu na kuteremsha swichi kuu kama Ijumaa. Tukangoja nusu saa. Akawasha tena. Tarehe ilikuwa sahihi, tovuti zikafunguka, na kijana alikuwa bado chini barabarani.

Kwa wenzangu wenye seva za ofisi ndogo, haya ndiyo niliyoyafanya, mnaweza kuyachukua:

1. Betri mpya, na tarehe ya kuiweka nimeiandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha seva. Betri hizi hudumu miaka kadhaa, kisha hufa kimya kimya.

2. Katika mipangilio ya chrony nimeacha majina yaliyokuwapo, lakini nimeongeza watoaji wa saa wawili kwa namba, 162.159.200.1 na 162.159.200.123, ambao ni wa Cloudflare. Namba haihitaji DNS, kwa hiyo lile fundo halifungiki tena hata betri ikifa.

3. Nimehakikisha mstari wa makestep upo. Bila huo chrony husogeza saa polepole sana, na miaka miwili kwa mwendo huo huimalizi.

4. Nimeandika hati fupi inayotazama tarehe kila seva inapowaka. Ikiwa tarehe iko nyuma ya faili ya mwisho ya logi, inamtumia kijana ujumbe.

5. Sikuzima ukaguzi wa DNSSEC. Najua ushauri huo umejaa mtandaoni: weka dnssec-validation no, mambo yatakwisha. Ni kweli SERVFAIL ingeondoka asubuhi ile ile. Lakini nyaraka za Jumatatu zingeendelea kuzama chini ya folda, na ofisi inayohamisha pesa za wateja kila siku ingekuwa imeondoa kitasa mlangoni kwa sababu ufunguo ulikuwa mgumu. Kengele ikilia usiku, kwanza katazame mlango.

Sasa nirudi kwa watu, maana mashine ilikuwa imekwisha kupona. Yule mama hakusema mengi. Alikwenda dirishani akamwita kijana apande juu. Alipoingia, akamwuliza mbele yetu sote: "Pesa za bando tunazodaiwa ni za Jumatatu ngapi?" Kijana akasema nne, hazijalipwa tangu alipoanza kushukiwa. Akalipwa zote pale pale, na ile bahasha iliyokuwa mezani ikarudi ndani ya droo. Sijui kama iliraruliwa. Ninachojua ni kwamba mwezi Januari mkataba ulipokwisha, alipewa mwingine wa mwaka mzima, na yeye ndiye aliyenipigia simu kunieleza.

Nilimwachia kazi moja ya nyumbani: ajifunze kueleza mbele ya mtu asiye fundi kwa nini simu yake iliponya seva. Ujuzi alikuwa nao kiasi, mikono alikuwa nayo, na alikuwa mkweli. Kilichokaribia kumponza ni kwamba dawa yake haikuwa na maneno, na dawa isiyo na maneno watu huiita uchawi. Alipomaliza alinieleza kwa Kiswahili safi, bila neno hata moja la kukopa zaidi ya DNS yenyewe, nikaona nami sina budi kuiandika hapa kwa lugha hiyo hiyo.

Nanyi mkipata nafasi leo, ingieni kwenye seva zenu mwandike timedatectl. Tazameni saa ya mfumo na saa ya bodi, zote mbili. Zikitofautiana kwa siku kadhaa au zaidi, nendeni mkanunue betri kabla ya Ijumaa.

Wasalaam.